Vijana wa Mbulu na Hanang, Shikeni Kitabu Kimoja Mkimalize

Ndugu zangu vijana wa Mbulu na Hanang, ninyi mliomaliza kidato cha nne mnaosubiri matokeo, na ninyi wa kidato cha sita mliorudi nyumbani kusaidia shambani, nawaandikia juu ya jambo moja tu: kujifunza kuandika programu za kompyuta. Wengi wenu husema elimu hiyo ni ya Dar es Salaam na Arusha, na kwamba mtu wa Dongobesh, Haydom, Basotu au Katesh ataifikia siku akipata chuo. Kauli hiyo si ya kweli, na madhara yake ni makubwa, kwa kuwa inawakalisha bure miezi na miaka mkisubiri ruhusa ambayo hakuna aliyewanyima.

Upo wakati ruhusa hiyo haikuwapo kweli. Mwaka 1974 Serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na katazo hilo lilidumu miaka mingi. Kijana wa Mbulu wa siku zile, awe na akili kiasi gani, hakuwa na pa kuijaribu. Leo umeme umefika vijiji vingi vyetu, na kompyuta iliyotumika huuzwa mjini. Hata asiye nayo anaweza kuanza kwa simu janja, maana lugha ya Python, iliyotolewa mwaka 1991 na Mholanzi Guido van Rossum, haiuzwi, na zipo programu za kuiendesha ndani ya simu. Ukishaipakua, hutahitaji bando kwa kila zoezi.

Mtaniuliza, mwalimu yuko wapi? Mwalimu ni kitabu. Mwaka 1999 mwalimu wa chuo mmoja huko Marekani, Allen Downey, aliona wanafunzi wake wanafeli kwa wingi somo la kwanza la programu, na vitabu vilivyokuwapo vilikuwa vinene mno hata hawakuvisoma. Akaandika chake mwenyewe katika majuma mawili, sura fupi fupi za kurasa kumi hivi, kwa hoja kwamba ni heri mwanafunzi asome kurasa kumi kuliko aache kusoma hamsini. Kisha akakiachia watu wakinakili na kukibadilisha wapendavyo. Jeff Elkner, mwalimu wa sekondari ya Yorktown katika jimbo la Virginia, akakichukua na kukigeuza kiwe cha lugha ya Python, na wanafunzi wake wakawa wanasahihisha makosa yaliyomo. Kitabu kilichozaliwa humo, Think Python, hadi leo kinapatikana bure. Ukikipakua mara moja, nenda steshenari yoyote ya Mbulu mjini au Katesh, wakutolee kopi sura tatu za mwanzo. Hutadaiwa na mtu yeyote ila gharama ya karatasi.

Sasa sikilizeni namna ya kukisoma, maana hapa ndipo wengi wanapopotea. Kijana huanza kitabu kimoja, akifika sura ya nne pakawa pagumu anakiacha, anatafuta kingine kilicho rahisi zaidi. Huko nako anasoma sura tatu zilezile za mwanzo, anafurahi kwamba anazielewa, kisha sura ya nne inamshinda tena. Mwaka unapita, naye ana vitabu vitano kwenye simu na hajui hata kimoja. Wengine hawaruki, lakini husoma kwa macho tu. Huyo ni sawa na mtu aliyekaa ukingoni mwa shamba akitazama wenzake wakilima kwa plau la ng'ombe: anaona kila kitu, na siku akikabidhiwa plau, ng'ombe wanakwenda kwao na mfereji unakwenda kwake. Kila mstari uliomo kitabuni uchape kwa vidole vyako. Usinakili na kubandika. Ukishauchapa na ukafanya kazi, badilisha kitu kimoja, uone kitatokea nini.

Kitakachotokea mara nyingi ni kosa, nami nataka nikae kidogo kwenye hili la kosa. Sisi tumelelewa katika madarasa ambamo kukosea kulikuwa na fimbo yake. Mtoto alijifunza mapema kwamba usalama ni kunyamaza. Anapoketi mbele ya kompyuta, akachapa mstari na maandishi mekundu yakajaa kiooni, moyo wake unarudi kwenye fimbo ile na anafunga mashine. Kijana, usifunge. Soma maandishi yale kuanzia chini. Mstari wa mwisho utakutajia aina ya kosa, na juu yake utaonyeshwa namba ya mstari wenye tatizo. Pengine umesahau kufunga mabano, pengine umeweka nukta mbili pasipotakiwa. Mashine haikasiriki wala haikumbuki kwamba ulikosea jana. Mtu anayeandika programu kwa kazi ya mshahara, huko Nairobi au London, naye hukosea kila siku, na sehemu kubwa ya ujuzi wake ni huko kutafuta kosa bila kuogopa. Daftari la makosa uliyoyapata, na namna ulivyoyatatua, litakufaa kuliko cheti.

Ukifika sura ya pili au ya tatu, acha mifano ya Wamarekani uandike ya kwenu. Nitatoa mmoja. Gunia la lumbesa, lile linalojazwa kupita kipimo, ni kilio cha wakulima nchi nzima, na sheria ya vipimo inasema gunia la mazao lisizidi kilo 100. Tuseme mnunuzi wa vitunguu swaumu pale Bashay amefunga gunia la kilo 130 akalipa bei ya kilo 100, na bei ya kilo moja ni shilingi 2,000. Andika mstari wa kwanza, kilo = 130. Wa pili, bei = 2000. Wa tatu, print((kilo - 100) * bei). Kompyuta itakujibu 60000. Shilingi elfu sitini katika gunia moja! Hesabu hiyo mnaiweza kwa kichwa, najua. Lakini ongezeni mistari michache, programu ipokee uzito wa kila gunia la kijiji kizima na kujumlisha hasara ya msimu, ndipo mwende nayo kwenye mkutano wa kijiji.

Mnaona kwamba majina niliyotumia ni ya Kiswahili, na mashine haikulalamika. Ingepokea hata mengi ya Kiiraqw, ila si yale yanayoandikwa kwa mkwaju ule wa /, kwa sababu katika Python alama hiyo ni ya kugawanya. Maneno ya Kiingereza ambayo lugha yenyewe inayalazimisha ni yapata 35 tu, nayo mtu wa kidato cha pili huyakariri kwa juma moja. Ugumu uliobaki ni Kiingereza cha kitabu, na huo sitaudharau. Lakini ruhusa ya kukitafsiri na kukigawa bila kukiuza ipo. Ninyi wa kidato cha sita, mnaosubiri chuo kwa miezi, gawaneni sura mkaziandike kwa Kiswahili ambacho wadogo zenu watakielewa.

Mzazi naye ataniuliza haya yote ni ya nini, wakati mbaazi ziko shambani zinasubiri mikono. Mzee wangu, kumbuka ngano ya Basotu. Mashamba yale makubwa ya NAFCO, shirika la Serikali, yalikuja kwa msaada wa Kanada, na matrekta, na mashine za kuvuna. Mipango ilikuwa imechorwa na watu wa mbali, na ndugu zetu Wabarbaig wakajikuta wamekosa malisho, hata wakafika mahakamani. Mashine zinazokuja sasa hazina magurudumu, ila nazo zina mipango ndani yake. Takwimu za zahanati zetu huingia katika mfumo wa DHIS2, uliotengenezwa Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walijifunza kuurekebisha ufae nchi yetu. Waliweza kwa sababu walijua kuandika programu. Nani atafanya hivyo kwa mnada wa ng'ombe, kwa mizani ya vyama vyetu vya ushirika (AMCOS), kwa vipimo vya mvua?

Mvua naitaja kwa uchungu. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe viliteremka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakafa. Programu ya mwanafunzi haizuii mlima. Lakini shule iliyo chini ya mlima inaweza kupima mvua kila asubuhi, na mwanafunzi aliyefika katikati ya kitabu cha kwanza anaweza kuandika programu inayojumlisha mvua ya siku tatu na kutoa onyo jumla ikipita kiwango watakachopewa na wataalamu wa hali ya hewa.

Kwenu walimu wakuu nina ombi. Palipo na chumba cha kompyuta kinachofunguliwa siku za ukaguzi tu, kifungueni kila Jumamosi. Msisubiri kila mtoto awe na mashine yake. Waketisheni wawili wawili, mmoja asome kitabu kwa sauti na mwenzake achape, na baada ya nusu saa wabadilishane.