Kama nguvu ni za kuzaliwa, vifaa vya nini?

Jana umeme ulikatika, tukacheza Dungeons & Dragons kwa mshumaa. Ukazuka ubishi: mchawi aliyezaliwa na nguvu damuni, kwa nini toleo la mwaka 2000 lilimdai vifaa sawa na yule aliyesomea vitabuni? Pathfinder ya 2009 ikamsamehe vile vya bei rahisi. Nikasema safi sana! Jirani akanicheka, "Mwalimu, bila vifaa mchezo hauna utamu."

Mchezoni sawa. Lakini jamani, huku Kanda ya Ziwa ubishi huu una damu. Wapo wanaojiita waganga, wanajinadi kwamba wamerithi nguvu za mababu, halafu wanadai kiungo cha mtu mwenye ualbino. Mwaka 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kufuta leseni za waganga wa jadi. Mwaka 2015 serikali ikapiga marufuku wapiga ramli.

Sasa nauliza: kama mababu walikupa nguvu, kiungo cha nini? Na kama nguvu imo kwenye kiungo, wewe una nini? Vyovyote iwavyo, ni tapeli, na mikono ina damu.

Mizizi na magome sina ugomvi nayo. Hiyo ni elimu, mtu anafundishwa.

Nikienda mazoezi ya kufundisha, huenda darasani nikamkuta mtoto mwenye ualbino. Huyo ni mwanafunzi wangu, si kifaa cha mtu.

Nawasilisha.