Kichwa cha Treni cha Shilingi Elfu Tano

Haya jamani, nimerudi mjini. Wiki mbili nilikuwa kimya kwa sababu nilikuwa likizo kwa dada yangu, Mwamkulu, nje kidogo ya Mpanda mjini, na niliamua simu ikae ndani ya begi. Wale mlioanza kuulizana kama nimefukuzwa kazi, tulieni. Bado naripoti, bado nalipwa mwisho wa mwezi, na bado mshahara unaisha tarehe kumi.

Leo sitaandika siasa. Au labda nitaandika siasa kwa mlango wa nyuma, mtaona wenyewe.

Kabla ya kupanda basi nilipita kwa wauza mitumba Karume kumtafutia mpwa wangu zawadi. Ana miaka kumi na moja. Chini ya rundo la madubwana ya plastiki nikakuta kichwa cha treni, kidogo, kinaingia kiganjani, lakini kizito kuliko kilivyoonekana. Si zile treni za betri zinazopiga honi na kuzunguka zulia. Hiki ni kitu cha wazungu wazima wanaojenga reli nzima mezani, na milima na stesheni. Hakina betri ndani. Umeme kinauchukua kwenye reli kwa magurudumu yake. Reli yenyewe haikuwepo, wala kile kidude cha kuongozea mwendo. Elfu tano. Muuzaji akaniapia kuwa kinatembea. Nikamuuliza kimetembea juu ya nini, akacheka. Nikalipa.

Mwamkulu ni mpunga. Ukifika wakati wa mvua unakuta mashamba yanang'aa maji na watu wameinama, na bodaboda aliyekutoa mjini anakudai zaidi kwa sababu ya tope. Lakini Mpanda yenyewe ni mji wa reli kama huijui. Ile njia ya kilomita 210 inayochepuka Kaliua kutoka Reli ya Kati haikujengwa kwa ajili ya abiria. Ilijengwa baada ya Vita Kuu ya Pili, wakati wa Mwingereza, kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi. Mgodi ulifungwa, reli ikabaki, na watu wakaifanya yao. Mtoto wa Mpanda anajua mlio wa treni kabla hajajua kusoma.

Basi nikatoa zawadi yangu kwa mbwembwe. Mpwa akaipokea kwa mikono miwili, akaipindua, akatazama chini ya tumbo lake. Swali lake la kwanza: "Mjomba, inawashwaje?"

Tukachukua betri ya volti tisa, ile ya mraba, tukagusisha waya mmoja gurudumu la kushoto na mwingine la kulia. Kimya. Tukageuza. Kimya. Shemeji yangu alikuwa anakunywa chai pembeni, akasema kwa sauti ya mtu aliyetegemea hivyo, "Umeuziwa chuma, shemeji."

Sasa nikiri jambo. Mimi nimesoma fizikia sekondari. Nimechora mota ya umeme mkondo mnyoofu kwenye mtihani, na sumaku zake mbili, na mshale wa kuonyesha koili inazunguka upande gani, na nikaandika kazi ya komuteta kwa sentensi niliyoikariri neno kwa neno. Nikapata alama zangu. Lakini komuteta yenyewe sikuwahi kuiona kwa macho. Nimemaliza sekondari, nimemaliza chuo kikuu, nimevaa joho, na mara ya kwanza kuiona ni mwaka huu, juu ya mkeka, Mwamkulu, nikishikiwa tochi na mtoto wa darasa la tano.

Kukifungua tu ilikuwa kesi. Nilitafuta skrubu, hakuna. Gamba limeshikwa na meno manne ya plastiki unayotakiwa kuyabana taratibu. Mimi nikavuta kiume. Tak! Likavunjika moja. Mpwa akanitazama, hakusema kitu. Baadaye dada akaniambia kwa nini: mwaka jana alichapwa kwa kufungua redio ya nyumbani. Alikuwa anasubiri kuona nani atanichapa mimi.

Nami nimechapwa kwa kosa hilo hilo nikiwa na umri wake. Kwangu ilikuwa saa ya ukutani. Naamini na wewe unayesoma hapa una ya kwako: redio, pasi, tochi ya baba. Tumekuwa taifa linalolia kwamba hatuna mafundi wa viwango, na wakati huo huo fimbo ya kwanza ya utundu anapewa yule anayetaka kuona ndani kuna nini. Kisha mtoto akifika sekondari tunamchorea mota ubaoni kwa chaki, tunamwambia akariri.

Turudi kwenye mkeka. Hapa ndipo nilipojifunza kitu ambacho hakuna mwalimu aliyenifundisha, kwamba kitu kisichofanya kazi kinaulizwa maswali kwa mpangilio, kama unavyomhoji shahidi. Hakikutembea kupitia magurudumu. Sawa, je, mota yenyewe ni nzima? Tukaruka magurudumu, tukagusisha betri moja kwa moja kwenye ncha za mota. Ikatoa sauti: nzzz. Haikuzunguka, ila ilitetemeka. Mpwa akapiga kelele kana kwamba Taifa Stars wamefunga. Kumbe iko hai! Imezuiliwa tu.

Imezuiliwa na nini? Tukaichomoa kutoka kwenye gia, tukagusisha tena. Ikazunguka, kwa kusuasua, na cheche za buluu. Kwa hiyo kuna matatizo mawili, si moja. Gia zimeganda, na mota ni chafu.

Za gia ilikuwa grisi ya zamani. Imekaa miaka bila kutumika mpaka imekuwa kama nta ya mshumaa. Bodaboda mmoja aliyekuja kuchungulia akashauri petroli. Nusura nikubali. Bahati nzuri kulikuwa na mzee jirani aliyefanya kazi kwenye genge la njia ya reli kwa miaka mingi, amekuja kusalimia, akasema petroli itaila hiyo plastiki. Tukatumia spiriti ya dukani na mswaki wa zamani, jino moja la gia baada ya jingine, karibu saa nzima.

Komuteta sasa. Ni kipete kidogo cha shaba kilichokatwa vipande vitatu, na vijiti viwili vya kaboni vinavyokisugua huku na huku. Kazi yake ni kugeuza mkondo ndani ya koili kila mota inapozunguka, ili sumaku ziendelee kusukuma upande ule ule. Ndiyo ile sentensi yangu ya mtihani! Kilikuwa cheusi tii. Tukakifuta kwa pamba na spiriti mpaka shaba ikaonekana, halafu kwa kijiti cha meno tukatoa unga wa kaboni uliojaa kwenye nyufa kati ya vipande. Unga ule ukijaa, umeme unavuka pale usipotakiwa kuvuka, na mota inakosa nguvu.

Kisha nikaharibu. Nilichukua mafuta ya cherehani ya dada, nikamimina kama natengeneza saladi. Yakatiririka mpaka kwenye komuteta, tukaanza usafi upya. Mzee akacheka hadi akashika mbavu. Akasema tone moja kwenye ncha ya sindano linatosha, na kwamba hata kwenye kichwa kikubwa cha treni mafuta yana mahali pake.

Mzee huyu alinipa somo lingine bila kukusudia. Nilimuuliza, kimwandishi wa habari, siku gani anayoikumbuka zaidi kazini. Nilitegemea aniambie ujio wa kiongozi fulani. Akaniambia habari za mvua kukata njia, na wao kulala porini siku kadhaa wakirudisha tuta kwa majembe, na treni ilipopita juu yake polepole hakuna aliyewapungia mkono, kwa sababu abiria walikuwa wamelala.

Mimi mwaka 2024, treni ya umeme ya SGR ilipoanza kubeba abiria Dar es Salaam hadi Morogoro mwezi Juni, na kufika Dodoma mwezi Julai, niliandika habari kadhaa. Nimezirudia juzi. Zina viti, nauli, mwendo, hotuba na foleni ya tiketi. Hakuna hata moja yenye fundi. Sikuuliza anayefungua mota zile ni nani, alisomea wapi, na mwenzake wa pili ni nani siku huyu akistaafu. Sisi waandishi ni watu wa utepe. Utepe ukikatwa tunakuwepo, bolti ikilegea hatupo. Na msomaji naye tumemzoesha hivyo, anajua mwaka wa uzinduzi wa kila kitu na hajui kilikufa lini.

Kuna wakati nilifika Nairobi, nikaenda kwenye jumba lao la makumbusho ya reli. Wana vichwa viwili vya mvuke vya aina ya Garratt, daraja la 59. Vilitengenezwa 34 Uingereza katikati ya miaka ya 1950 kwa ajili ya reli ya Afrika Mashariki, na kila kimoja kilipewa jina la mlima. Hivyo viwili vilivyobaki vinaitwa Mount Gelai na Mount Shengena. Gelai iko kando ya Ziwa Natron na Shengena iko Upareni. Milima yetu, wenzetu ndio wameitunza. Siwalaumu, nawashukuru. Ila niliona wivu, na bado ninao.

Tulipokirudisha chote na kugusisha betri kwenye magurudumu: kimya tena. Hapa ndipo mtu mzima anakata tamaa. Mpwa hakukata, kwa sababu tayari ameshajua mtindo. "Mota ni nzima, mjomba. Basi ni njiani." Akafuata waya kwa kidole kutoka mota hadi kwenye ulimi mdogo wa shaba unaogusa gurudumu. Waya mmoja ulikuwa umeachia pale ulipolehemiwa. Unaonekana umeshika, ukiugusa unacheza.

Tukapanda bodaboda hadi kwa fundi redio Mpanda mjini. Akatazama, akapasha chuma chake cha kulehemu, halafu hakufanya mwenyewe. Akampa mtoto. Mara ya kwanza likawa donge bovu, akalitoa. Mara ya pili likashika, linang'aa. Fundi akamwambia akanawe mikono, kwa sababu ule uzi wa kulehemu ni bati na risasi, na risasi ni sumu. Nikasimama pale nikifikiri: risasi ndiyo iliyoleta reli Mpanda, na leo dukani Mpanda inaunga treni ya shilingi elfu tano. Nilitaka kumwambia mpwa, lakini alikuwa anapuliza lile donge lipoe, hana habari na historia.

Reli tulitengeneza wenyewe. Nafasi kati ya magurudumu ni milimita 16.5, maana vichwa hivi ni kimoja kwa 87 cha reli ya upana wa milimita 1,435, ule ule wa SGR. Reli yetu ya zamani ni mita moja, kwa kipimo hicho ingekuwa milimita 12 hivi, kwa hiyo kichwa hiki hata kwenye ndoto kisingepita Kaliua. Nikampigia hesabu nyingine: njia nzima ya Kaliua hadi Mpanda, kwa kipimo hicho, ingehitaji kilomita mbili na mita mia nne za reli. Sisi tulikuwa na ubao wa mita moja na nusu, waya mbili za uzio zilizonyooshwa kwa nyundo, na misumari.

Umeme, betri ya pikipiki ya volti 12. Fundi alitupa ujanja wa kuunga balbu ya pikipiki katikati ya waya mmoja, ili reli zikigusana balbu iwake badala ya waya kuungua. Tumeiwasha balbu hiyo mara nyingi sana, acha niseme ukweli.

Na kikatembea! Kwanza kilisita, kikasukumwa kwa kidole, halafu kikaenda chenyewe, mita moja na nusu, kikaanguka mwisho wa ubao kwenye kapu la mchele. Tukabadilisha waya, kikarudi kinyumenyume. Watoto walijaa uani. Mzee wa genge alikiangalia muda mrefu, akasema tuta letu halijasawazishwa vizuri upande wa kulia. Ni kweli, nilipima.

Shemeji hakushawishika. Alisema, na nakubali ana hoja, kwamba hajaona mtihani unaouliza mtoto ametengeneza nini, na kwamba ada ya shule analipa kwa mpunga, si kwa midoli. Nilianza kujibu kwa zile lugha zetu za semina, ubunifu, soko la ajira. Nikanyamaza. Mimi mwenyewe nimefika nilipo kwa kukariri.

Jana jioni mpwa kanipigia kwa simu ya mama yake. Treni imesimama tena. Nikamuuliza kama amemwambia baba.

"Bado, mjomba. Ngoja kwanza nimalize kuifungua."