Mikono inayotuinua nayo inachoka

Juma hili tunaongea juu ya watu ambao wengi wetu tunawajua kwa mikono kuliko kwa majina: wakine. Ni wao wanaomrudisha kwenye miguu baba aliyeangushwa na presha akapooza upande mmoja. Ni wao wanaomfundisha kukaa mtoto aliyechelewa kulia siku ya kuzaliwa, na wanaomnyoosha goti kijana aliyeanguka na moto kwenye barabara ya Butembo na Beni. Na huku kwetu, aliyepigwa risasi au kukatwa panga, muganga akisha kushona, anapelekwa kwao.

Tunawasifu mgonjwa akitembea. Kama wao wenyewe wanalala usiku, hatuulizi.

Tufikiri kidogo namna kazi hiyo ilivyo. Sindano inachukua dakika moja. Kine anakaa na mtu nusu saa au zaidi, mara mbili tatu kwa juma, kwa miezi. Anamshika, na mtu aliyeshikwa anaongea. Huko Beni, tangu Oktoba 2014 mauaji yalipoanza vijijini, maongezi hayo ni ya nyumba zilizochomwa, mume aliyebaki shambani, mtoto asiyeonekana. Kine anasikia hayo saa mbili asubuhi, anasikia mengine saa tatu, na ya saa nne yanamngojea mlangoni. Tena yeye mwenyewe pengine amepokea wakimbizi nyumbani kwake, au ni mkimbizi.

Kisha tukumbuke Ebola. Ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018, ikianzia upande wa Mangina, na mwisho wake ukatangazwa tarehe 25 Juni 2020, watu zaidi ya 2.280 wakiwa wamekufa. Tuliambiwa tusisalimiane kwa mkono. Lakini mtu aliyepooza huwezi kumsimamisha bila kumkumbatia! Waliopona wengi walibaki na maumivu ya viungo, nao walihitaji mikono ileile. Na tarehe 19 Aprili 2019, hapa Butembo, daktari Richard Mouzoko kutoka Kamerun aliuawa kwa risasi katika kliniki za chuo kikuu cha Graben. Kuanzia hapo, kutoka nyumbani kwenda kazini ukijulikana kuwa mtu wa hospitali lilikuwa jambo la kuogopesha. Woga wa namna hiyo hautoki mwilini siku serikali inapotangaza kwamba ugonjwa umekwisha.

Lakini wenzetu wanaofanya kazi hiyo wanatuambia kwamba linalowavunja moyo zaidi si hayo makubwa. Ni mgonjwa anayepotea. Mama anakuja juma la kwanza, la pili, vidole vinaanza kufunguka. Halafu feza inaisha, au njia inafungwa, au jamaa wanampeleka kwa mtu wa kukanda na hawasemi. Kiungo kisichotembezwa kinakaza, nyama zake zinafupika. Baada ya miezi mitatu anarudishwa, kiwiko kigumu kama mti, na familia inamuuliza kine kwa ukali mbona hakumponya. Kazi inaanza tena chini ya pale ilipoanzia kwanza.

Hapo feza inaingia pia. Watumishi wengi wa hospitali zetu hawapati mshahara wa serikali. Wanagawana kile kinacholipwa na wagonjwa. Mgonjwa akipotea, kine anaumia moyoni na mfukoni pamoja. Akimtibu bure, watoto wake wanakula nini?

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza uchovu wa kazi kwa alama tatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi, na kujiona huna tena faida kazini. Alama ya pili ndiyo tunayoiona sisi wagonjwa, na tunaiita kiburi. Kine anayekuita “goti la saa nne” badala ya jina lako, pengine amefika hapo. Hatusemi ni vizuri. Tunasema tujue ilitoka wapi.

Kwa mama kine mzigo unaongezeka. Mchana ameinua wanaume wa kilo 80. Jioni kuna bidoni la maji, mtoto mgongoni, na mgongo ni uleule. Waume wa wamama hawa, tunawaomba: akirudi kimya, msimwulize nani amemkasirisha. Chukueni bidoni.

Na wakubwa wa hospitali, mtu mzito ainuliwe na wawili, na siku ya kupumzika iwe ya kupumzika kweli. Hayo hayangojei msaada wa kutoka ngʼambo.

Kwetu familia, tunaweza kupunguza mengi. Mgonjwa asindikizwe na mtu mmoja yuleyule, mwenye nguvu, ajifunze mazoezi na kuyafanya nyumbani kila siku. Feza ikiisha, tusipotee: tumwambie kine wazi, atuonyeshe ya kufanya nyumbani hadi tupate. Na tusimvute aliyepooza kwa mkono ule dhaifu ili akae, maana bega linaweza kutoka mahali pake, na hiyo inakuwa kazi mpya ya miezi juu ya ile ya kwanza.

Katika mkutano wa juma lijalo mwenzetu mmoja kine atatuonyesha namna watu wawili wanavyomgeuza mgonjwa kitandani kwa shuka, bila kuumiza bega lake wala migongo yao. Kila kikundi kilete shuka moja kuukuu lakini lenye nguvu, na mama mmoja anayekubali kulala chini awe mgonjwa. Tutaanza saa nane, na saa tisa na nusu tutamwacha aende zake: hiyo ni siku yake ya kupumzika.