Udongo wa Mpwapwa unafika baharini

Ndugu Mhariri,

Naomba unipe nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu juu ya utafiti na hifadhi ya viumbe wa bahari. Huenda wasomaji wengine watacheka. Mwalimu wa kijijini Mpwapwa, mahali ambapo hata mvua tunaihesabu, bahari inamhusu nini? Swali hilo hilo niliulizwa na mwanafunzi wa darasa la sita nilipokuwa nikifundisha habari za mikoko, nami sikuwa na jibu la haraka.

Jibu nililipata kwenye ramani ya ukutani. Mto Bubu wa Kondoa huishia katika mbuga ya Bahi. Lakini Kinyasungwe, huu tunaouvuka kwa miguu wakati wa kiangazi, huteremka kupitia Gulwe, huungana na Mkondoa upande wa Kilosa, kisha maji yake huingia Wami na kumwagika baharini Saadani. Wasafiri wa Reli ya Kati wanazijua hasira zake: mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliharibu vibaya reli kati ya Kilosa na Gulwe. Tuliulizana treni itapita lini. Sikumsikia mtu akiuliza udongo ule wote umekwenda wapi.

Mikoko ya Saadani inahitaji maji ya mto na tope kiasi, na ndimo kamba wadogo wanamokulia. Tope likizidi, hufunika majani ya bahari na matumbawe, ambayo hayaishi bila mwanga. Mvuvi akirudi na wavu mtupu tunamlaumu kwa uvuvi haramu, na pengine kweli anayo makosa. Lakini sisi tunaolima hadi ukingoni tuna letu la kujibu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa mto. Huku kwetu mahindi na nyanya zimo hatua chache tu kutoka majini, na moja ya mashamba hayo, sifichi, lilikuwa langu mpaka mwaka juzi.

Ombi langu kwa wataalamu wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, Unguja, na wa TAFIRI ni kwamba utafiti usiishie ufukweni. Waje wapime tope la Kinyasungwe wakati wa mvua, na matokeo yaandikwe kwa Kiswahili, yaletwe vijijini. Wasidhani hatuwezi kuwasaidia. Silikanti, samaki aliyedhaniwa ametoweka duniani hadi alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938, alianza kuonekana katika maji yetu mwaka 2003 kwa sababu wavuvi walimnasa katika majarife. Mwaka 2009 Tanga ikapata hifadhi yake. Wanafunzi wangu nao wanaweza kuandika vipimo vya mvua na kina cha mto kila wiki, wakielekezwa.

Wizara inayosimamia uvuvi ipo Dodoma, na Bunge pia. Basi viongozi wanaohusika wasingoje safari ya Bagamoyo ndipo waone tope la baharini. Gulwe ni karibu zaidi. Waje kabla ya mvua za Desemba, maana wakati huo ndipo majembe yanaporudi ukingoni.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Mpwapwa, Dodoma.