Bilioni Nne na Ushei: Hisabati Katika Sentensi za Kiswahili

Aghalabu tunapojadili uwezo wa lugha ya Kiswahili katika sayansi, mjadala huishia kwenye orodha za istilahi. Twagombania jina la kitu kabla ya kukieleza kitu chenyewe. Nashikilia kwamba lugha ya hisabati ni sentensi kwanza, na nambari moja yatosha kunishuhudilia: 4,294,967,297.

Nambari hii ni 2 kwa kipeo cha 32, ukiongeza 1. Mnamo 1640 Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse, Ufaransa, aliamini kuwa nambari zote za safu hii, ambamo kipeo hurudufishwa kila hatua (1, 2, 4, 8, 16...), ni tasa, yaani hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Tano za mwanzo zilimuunga mkono: 3, 5, 17, 257 na 65,537. Ya sita ndiyo hii yetu. Mwaka wa 1732 Leonhard Euler alidhihirisha kuwa ni zao la 641 na 6,700,417.

Mbona 641? Tufuatane polepole. 640 ni 641 kasoro 1. Ukiizidisha 640 kwa nafsi yake hadi kipeo cha 4, kasoro hizo nne huzidishana zikawa 1 kamili, hivyo zao hilo likigawanywa kwa 641 huacha baki la 1. Lakini 640 ni 5 mara 128, na 128 ni 2 kwa kipeo cha 7. Basi zao lilo hilo ni 625 mara 2 kwa kipeo cha 28. Nayo 625 ni 641 kasoro 16, na 16 ni 2 kwa kipeo cha 4. Tukiiondoa 641, ambayo haiachi baki, twasalia na kasoro ya 2 kwa kipeo cha 32. Kwa hiyo mbele ya 641, kasoro hiyo na baki la 1 ni mamoja. Ijazie 2 kwa kipeo cha 32 hiyo 1, na hakibaki kitu.

Uthibitisho huu umesimama juu ya zao, baki, kipeo na kasoro. Kasoro ndilo neno tunalosomea saa! Hakuna kamati iliyohitajika kulibuni.

Istilahi yenyewe ya "tasa", nakiri, hainiridhishi. 641 na 6,700,417 zote ni tasa, nazo ndizo zilizozaa jitu hili. Hata hivyo, siwezi kungoja jina bora lipatikane ndipo nifikiri.

Mwanafunzi wa Kenya husoma hisabati ya sekondari kwa Kiingereza, kisha akifika idara ya Kiswahili huambiwa lugha yake yaweza kubeba sayansi. Haonyeshwi mzigo wenyewe. Naomba wahariri watenge kurasa mbili katika kila toleo kwa ajili ya uthibitisho mmoja, na wahadhiri wausahihishe kwa kalamu ileile wanayosahihishia insha zetu.