Nyumba ya Vioo na Shule za Ngara na Biharamulo

Kutoka Ngara hadi Mlimani, jijini Dar es Salaam, ni safari ya zaidi ya kilometa 1,000 kwa barabara. Huko Chuo Kikuu kina bustani ya mimea iliyopandwa ili ichunguzwe, wala si ili ivunwe. Mwanafunzi atokaye Ngara au Biharamulo, ambaye ameshika jembe tangu utotoni, aghalabu hukutana hapo kwa mara ya kwanza na shamba lenye maswali. Hali hiyo haina sababu ya kuendelea.

Hoja inayotolewa ni umaskini: shule za wilayani hazina fedha za kujengea nyumba ya vioo. Hoja hii yatokana na kutoielewa nyumba yenyewe. Ilibuniwa kwa ajili ya nchi za baridi. Ile maarufu ya bustani ya Kew, London, iliyokamilika mwaka 1848, ilikusudiwa kuikinga mimea ya jamii ya minazi isife kwa baridi. Tena joto lake halitokani hasa na kioo kuzuia mionzi ya joto, kama isemwavyo mara nyingi. Mwaka 1909 mwanafizikia wa Marekani, R. W. Wood, alitengeneza visanduku viwili, kimoja akakifunika kwa kioo, cha pili kwa bamba la chumvi mawe, ambalo hupitisha mionzi hiyo. Mwanga wa jua ulipochujwa kwanza kwa kioo, visanduku vyote viwili vilifikia kiasi cha nyuzi 55 za sentigredi, bila kupishana hata kwa nyuzi moja. Kazi kubwa, basi, ni kuizuia hewa yenye joto isipande na kutoweka. Karatasi ya nailoni yaiweza kazi hiyo.

Ngara na Biharamulo ziko kiasi cha nyuzi 3 tu kusini mwa Ikweta. Adui wa mche huko si baridi, bali ni kiangazi cha Juni hadi Agosti, pamoja na maradhi. Mnyauko wa migomba, unaosababishwa na bakteria, ulielezwa kwanza Ethiopia mwaka 1968, ukaonekana Uganda mwaka 2001, na kufikia mwaka 2006 ulikuwa umeingia mkoani Kagera. Majani hunyauka, ndizi huiva kabla ya wakati, na shina likikatwa hutoa usaha wa manjano. Mgomba uliokwisha kuugua hauna dawa. Wadudu huueneza, lakini binadamu huueneza pia, kwa panga lisilosafishwa na kwa chipukizi lililoombwa kwa jirani.

Hapa ndipo shule ingefaa. Tunguu la mgomba lililotoka katika shamba lisilo na ugonjwa humenywa, huchovywa katika maji yanayochemka kwa nusu dakika ili kuua minyoo na mayai ya fukusi (bakteria wa mnyauko hawafi kwa njia hiyo, ndiyo maana asili ya tunguu ni muhimu), kisha kiini chake huharibiwa na tunguu hufukiwa katika unga wa mbao wenye unyevu, chini ya nailoni na kivuli cha nyasi. Baada ya majuma machache machipukizi huota, pengine kumi au zaidi. Kwa nini kuharibu kiini huamsha macho yaliyolala? Swali hilo ni la somo la biolojia, na jibu lake laonekana kwa macho. Kipimajoto kimoja ndani na kimoja nje huonyesha kazi ya nailoni bila gharama kubwa.

Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alitaka tabia za mbolea zielezwe katika somo la sayansi huku wanafunzi wakiiona mbolea hiyo ikitumika shambani. Shule nyingi zilishika jembe zikaacha somo. Mbaya zaidi, kulima kukawa adhabu ya mchelewaji. Na kijana aliyefundishwa kwamba udongo ni adhabu hataulizia habari zake.

Liko tatizo moja la kweli: likizo ya Juni huja wakati ule ule kiangazi kinapoanza, na miche haina likizo. Kitalu kijengwe karibu na nyumba ya mwalimu au ya mlinzi, na zamu za kumwagilia ziandikwe kabla shule haijafungwa.