Tusifagie Uwanja wa Marehemu

Ndugu zangu wa Ganze, Bamba, Magarini, Kaloleni na Kilifi nzima,

Mzee akikatwa mapanga usiku, alfajiri majirani huwa wamejaa. Wanaume huuinua mwili na kuuingiza ndani, maana ni aibu maiti kulala nje. Akina mama hushika fagio. Mchanga wenye damu humwagwa kichakani, mikeka hutandikwa kwa ajili ya waombolezaji. Panga likionekana, huoshwa na kuegemezwa ukutani. Afisa wa uchunguzi anapofika saa tano, anakuta uwanja msafi, chai ya rangi jikoni, na umati wa watu ambao hakuna hata mmoja aliyeona kitu.

Hapo kesi imeshaanza kufa, na jaji hata hajaisikia.

Kwa miaka mingi jina la kaunti yetu limetajwa kwa wazee wanaouawa kwa kusingiziwa uchawi. Tuna wazee wanaopaka nywele rangi ili mvi zisionekane. Wengine wamehama maboma yao na kukimbilia hifadhi ya wazee ya Kaya Godoma kuokoa roho. Nasi twajua kwamba nyuma ya neno “mchawi” mara nyingi kuna shamba linalogombewa, na anayeligombea ni wa damu moja na marehemu. Kikulacho ki nguoni mwako.

Mshtakiwa akiachiliwa, twasema mahakama imenunuliwa. Haki ya kulalamika tunayo. Lakini kwanza tujiulize: jaji tulimpelekea nini?

Kesi ya mauaji husikilizwa na Mahakama Kuu, na wengi wetu hulazimika kwenda Malindi. Mwendesha mashtaka hutakiwa kuthibitisha kwamba mtu amekufa, kwamba kifo kilitokana na kitendo cha kuvunja sheria, kwamba mshtakiwa ndiye aliyekitenda, na kwamba alikuwa na nia ovu. Daktari aweza kueleza kifo. La nani alitenda liko vifuani mwetu. Ushahidi ukiwa haba, jaji husema hakuna kesi ya kujibu, na mshtakiwa huenda zake kabla hata ya kujitetea.

Na jaji haridhiki na “nilimwona”. Kama ilikuwa usiku, utaulizwa: kulikuwa na mwanga gani, wa koroboi, wa sola au mbalamwezi? Alikuwa umbali wa hatua ngapi? Ulimtazama muda gani? Ulikuwa ukimjua? Polisi walipofika, ulimtaja? Ukinyamaza siku ya kwanza, kisha ukaja kutaja jina baada ya miaka 2, wakili wa utetezi atakugeuza kama chapati. Maswali hayo yana faida yake. Ndiyo yanayomwokoa kijana asiye na hatia aliyetajwa kwa sababu tu ana ugomvi na mwenye boma. Shahidi mkweli humfaa marehemu, na humfaa pia aliyesingiziwa.

Adhabu nayo hatuielewi vyema, na kutoelewa huko huzaa hasira. Hukumu ya kifo ingali katika sheria za Kenya, lakini tangu 1987 hajanyongwa mtu. Zamani jaji akimpata mtu na hatia ya mauaji ya kukusudia hakuwa na hiari, alilazimika kutamka kifo. Tarehe 14 Desemba 2017 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Muruatetu, iliiondoa lazima hiyo. Sasa jaji husikiliza kwanza maombi ya mshtakiwa, hali yake na mazingira ya tendo, ndipo apime kifungo. Miaka aliyokaa rumande huhesabiwa. Shtaka likipunguzwa kuwa kuua bila kukusudia, kifungo cha maisha ndicho kikomo, na jaji aweza kutoa pungufu ya hapo. Kwa hiyo ukisikia mtu amefungwa miaka michache kuliko ulivyotarajia, usikimbilie kusema hongo. Uliza: siku ya kupima adhabu, nani aliongea? Upande wa mshtakiwa huwa na wakili, mama na mchungaji. Sheria ya Kulinda Waathiriwa ya 2014 inaipa familia ya marehemu nafasi ya kueleza iliyopoteza nini. Mara ngapi benchi letu limekuwa tupu?

Basi naomba mambo manne, na nayaomba kwetu sote.

La kwanza, uwanja usiguswe. Mwili ukiwa nje, funika kwa leso, weka vijana wawili walinde, piga simu polisi. Matanga yatangoja. Fagio zikae mlangoni.

La pili, aliyeona aandikishe taarifa siku ile ile. Kama anahofia roho yake, amwambie mwendesha mashtaka. Tuna sheria ya kuwalinda mashahidi tangu 2006, na lipo shirika la kazi hiyo. Hofu ya shahidi ni ya kweli, na wa kumdharau kwa hofu hiyo asiwe mmoja wetu.

La tatu, shahidi asiende peke yake. Samansi ikiletwa kwa bodaboda, tusimfiche mwenzetu kwa kusema “amesafiri”. Kesi huahirishwa mara kwa mara, na jaji akihamishwa shahidi aweza kuitwa tena kurudia aliyoyasema. Mtu wa Bamba anayeishi kwa kibarua atapata wapi nauli ya safari ya tatu na ya nne? Tunachangia hanga, tunachangia harusi. Kila kijiji kitenge mfuko mdogo wa nauli na kichague watu wawili wa kumsindikiza shahidi hadi mahakamani na kurudi naye.

La nne, tusizime kesi kwa mbuzi na fedha chini ya mwembe. Mwaka 2013 Mahakama Kuu jijini Nairobi ilikubali shtaka la mauaji liondolewe baada ya familia mbili kupatana kwa fidia, na wapo wanaoitaja kama mfano. Lakini kwetu, ambako muuaji na mrithi huweza kuwa mtu mmoja, fidia atamlipa nani? Mkono wake wa kushoto utaupa wa kulia, na kijiji kitashuhudia.

Ajenda hii tuipeleke katika baraza lijalo la chifu. Tuwaite pia wajumbe wa Kamati ya Watumiaji wa Mahakama waje kutueleza kesi zetu zimefika wapi. Tuondoke pale tukiwa na majina mawili ya wasindikizaji na jina la mweka hazina.

Na usiku mwingine ukisikia ukemi bomani kwa jirani, toka na tochi. Angalia nani anakimbia, na anakimbilia upande gani. Kisha, kukikucha, usifagie.